Vifaranga wa Serikali

Driciru alikuwa anampa rubani Saturnino boksi la tatu pale pikipiki ya Wahabu ilipokatiza kiwanja cha ndege cha nyasi cha Dranya, ikipiga honi mfululizo.

"Simama! Hakuna ndege kuruka!"

Wahabu, msimamizi wa kiwanja, alishuka na karatasi mkononi. Kwa sababu ya vita ng'ambo ya mpaka, serikali ilikuwa imejipa mamlaka juu ya meli na ndege zote. Tangu asubuhi ile, hakuna chombo ambacho kingeondoka bila kibali cha Kampala. Alifunga mlango wa ndege, akabandika utepe, akagonga muhuri.

"Meli pia?" Driciru aliuliza. "Afande, hapa Koboko meli iko wapi?"

"Mama, sheria hapana chagua."

Saturnino alicheka, akajinyoosha chini ya bawa. Driciru hakuweza kukaa. Ndani mlikuwa na vifaranga mia tatu, walioanguliwa juzi kwenye mashine yake huko Arua. Ng'ambo, Nora na wajane wenzake wa kanisani walikuwa wameshajenga banda, maana kuku wao wote waliliwa na askari. Kifaranga hukaa siku tatu bila kula, kwa kiini cha yai alichobaki nacho tumboni. Lakini ndani ya bati la ndege lililofungwa, juani, hamalizi hata saa mbili.

"Basi nitoe maboksi tu."

"Muhuri iko. Hapana gusa."

Driciru aliomba kimya. Hakuomba ndege iruke. Aliomba apewe neno la kusema. Kisha akasema kwa upole, "Ndugu yangu, nisomee hiyo karatasi yote."

Wahabu alisoma kama mtu wa redioni, mpaka mstari wa mwisho, ambapo sauti ilipungua: mzigo uliomo utakuwa chini ya ulinzi na matunzo ya serikali.

"Na hapa Dranya, serikali ni nani?"

"Ni mimi," alisema Wahabu, akinyoosha shati.

"Asante Yesu! Basi andika: nimepokea vifaranga mia tatu, wote wazima. Gonga muhuri. Wakikufa, Kampala wataita wewe, si mimi."

"Na mimi shahidi," Saturnino alisema kutoka chini ya bawa.

Wahabu alitega sikio mlangoni. Milio ilikuwa imefifia. Alifuta jasho, akachana utepe wake mwenyewe.

Waliyabeba maboksi mpaka ofisini kwake. Alitoa kabatini bunda zima la fomu za manahodha wa meli, halijaguswa, akazitandaza sakafuni. Wakaweka maji kwenye vifuniko vya chupa. Vifaranga wawili hawakuinuka tena. Waliobaki walikunywa, wakaanza kukimbia juu ya fomu.

Wahabu akapiga simu. "Hapana, mkubwa, si meli. Kuku. Kuku kidogo! Chakula yao iko?" Alisikiliza kwa muda, akaikata. "Wanasema niandike barua. Jibu ni siku kumi na nne."

Simu ya Driciru ililia. Nora alikuwa ameandika: *Ndege imepaa?*

Wahabu alivua kofia, akafungua bakuli lake la mchana, akaketi sakafuni na kuanza kuwafikichia vifaranga ugali, chembe kwa chembe.

"Ngoja kwanza," Driciru alisema. Akafumba macho, akaombea chakula.

Wahabu, ambaye jana tu alikuwa msikitini, aliitikia kwa sauti kubwa: "Amina!"