Albamu Iliyomwacha Chini

Asubuhi albamu mpya ya bendi yao waipendayo ilipotoka, Bi Mkasi alikuwa amepiga magoti katika karakana yao ya makochi, anakata sponji ya mito. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Misumari kwa sababu alifanya kazi na misumari midogo ameibana mdomoni, aliunganisha simu na spika. Kisha akajifunga kamba kifundoni, ncha ya pili akaifunga kwenye mguu wa meza. Mkewe naye akajifunga yake. Feni ya darini haina urafiki na mtu, na hawa wawili kila wakisikiliza bendi ile hupaa.

Walianza kupaa tangu uchumba. Bendi yenyewe ilikuwa ya vijana wa kufokafoka juu ya magitaa ya roki, wakiwapasha mabosi na wenye nyumba bila kuwaonea haya. Ukiwasikia, damu inachemka. Yao ilipochemka, miguu iliacha sakafu kiasi cha shubiri, siku za furaha hata zaidi. Misumari alimposa huko huko juu, na Bi Mkasi akakubali kichwa kikigusa dari.

Wimbo wa kwanza ukaanza. Lo! Wale wale waliokuwa wakimfokea mwenye nyumba sasa walibembeleza kwa vinanda, wakilisifu bwawa lao la kuogelea. Misumari akapaa hadi nyayo zikawa usawa wa meza. Bi Mkasi akabaki chini. Akasema moyoni, labda mwili haujapata moto. Wapi! Wimbo wa tatu ulikuwa ule wa posa, umerekodiwa upya. Maneno yote aliyajua, lakini nyayo hazikubanduka.

Hofu ikamshika. Kama bendi imemtoka, je, na mume? Alimpenda mtu huyu, alipenda hata alivyohema kwa pua misumari ikiwa mdomoni. Basi akapanga vipande vya sponji chini ya gauni lake, akapanda juu, akawa sawa naye. Kosa lake, na yeye ndiye mjuzi wa sponji, ni kuchukua ile laini. Akaanza kuzama polepole mbele ya macho ya mumewe.

Mwalimu mstaafu akachungulia mlangoni.

"Fundi, ukishuka, nimelifuata kochi langu. Kesho ya mafundi naijua, leo siondoki bila kochi."

"Limekwisha, mzee," Bi Mkasi alijibu. "Tunakutolea."

Mwalimu akarudi nje kwenye mkokoteni wake. Misumari akaitema misumari kiganjani.

"Mke wangu, umesimama juu ya nini?"

"Sponji."

"Ya mito?"

"Ya mito."

Misumari akaitazama spika. "Albamu mbovu hii," alisema. "Nimejua tangu wimbo wa kwanza."

"Sasa mbona umepaa?"

"Nikishuka nitakuwa nani? Mzee wa kushona makochi, basi."

"Si ndiye aliyenioa?"

Machozi yakamlengalenga Misumari, akacheka. Kushuka hakushuka. Bi Mkasi akatoka kwenye sponji, akamkumbatia miguu, maana ndipo alipofika, akaliegemeza shavu magotini pake. Hofu ilikuwa imekwisha. Alimpenda vile vile, bendi au bila bendi, na alimwambia hivyo.

"Haya, tumtolee mzee kochi lake," alisema. "Shika upande ule."

Misumari akainama, akanyoosha mikono kwa moyo wake wote. Haikufika.

"Ngoja wimbo uishe."

"Ukiisha unaanza mwingine, baba."

Bi Mkasi hakusema kwa hasira. Alikuwa amekumbuka tu kwamba hata zamani, walipopaa pamoja, mteja akibisha hodi au maziwa yakichemka jikoni, aliyeshuka kwanza alikuwa yeye. Akafungua kamba kifundoni, akaliburuta kochi upande mmoja hadi kizingitini. Kisha akazunguka, akaanza kusukuma upande wa pili, na mumewe akamwelekeza kutoka juu.