Daftari la Kasoro

Hamduni alikuwa fundi cherehani wa barazani pale Mwisenge, na mwaka wa sabini na mbili, watu walipohimizwa kufanya kazi kwa ushirika, aliingiza cherehani zake zote tatu katika ushirika wa mafundi bila kubakiza hata moja. Siwema, mkewe, alimwuliza kama ana akili timamu. "Sasa ni zetu sote," Hamduni akajibu, na alimaanisha. Mafundi wakamchagua mwenyekiti.

Wapo wanaoongoza kwa kufoka. Hamduni aliongoza kwa kuuliza. Kila Jumatatu asubuhi, kabla cherehani hazijaanza kulia, mafundi wote tisa walikaa mkekani na kila mmoja akataja kasoro aliyoiona wiki iliyopita. Sharti lilikuwa moja: ya mwenyekiti itajwe kwanza. Siku ya kwanza, lo, watu walitazama kucha zao! Aliyethubutu ni Wankyo, binti wa wakulima wa pamba wa Bunda.

"Mzee, wewe unapimaga kwa jicho. Ndiyo maana shati la juzi lina mkono mmoja mrefu."

Hamduni akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Siku hiyohiyo futikamba ikatundikwa ukutani, na kitambaa hakikukatwa tena kabla mtu wa pili hajapima.

Kasoro ziliandikwa katika daftari ili zisisahaulike, na mwandishi alikuwa Nassibu. Huyu, Hamduni alimpokea akiwa hajui hata kutunga uzi kwenye sindano, akamfundisha, akamlisha, kisha akamwoza mpwa wake. "Andika kasoro tu, mkwe wangu," alimwambia. "Ikishatengenezwa si tutaiona wenyewe? Karatasi siku hizi adimu." Naam, hapo ndipo mzee alipojiponza.

Kazi ikanyooka. Wateja wakatoka Bukima, wakatoka Bunda, na mwaka wa tatu shule moja ya Butiama ikataka kaptula za watoto mia mbili. Jina la ushirika likapanda, na Nassibu akaanza kutembea kifua mbele. Siwema aliliona hilo. "Huyo mkwe wako anakuita mjomba mdomoni tu," alisema. Hamduni akamkemea.

Wiki chache baadaye bwana ushirika, ofisa wa serikali anayesimamia vyama vya ushirika, akaingia kiwandani na daftari mkononi. Hamduni alilitambua jalada lile la bluu lenye doa la mafuta ya cherehani, akafurahi, maskini! Alidhani mgeni amekuja kuwasifu.

"Ndugu zangu, nimeletewa malalamiko," mgeni akasema, akaanza kusoma palipopigiwa mstari mwekundu. Mwenyekiti anapima kwa jicho. Mwenyekiti amesahau kununua vifungo, kazi imelala siku mbili. Mwenyekiti amemfokea fundi Masatu mbele ya mteja. Mwenyekiti, mwenyekiti, kurasa kwa kurasa, utadhani wengine hawajawahi kukosea.

Akamgeukia Wankyo. "Dada, hili la jicho ulilisema wewe?"

"Nilisema, lakini hiyo ilikuwaga zamani, na Mzee aka..."

"Ulisema au hukusema?"

"Nilisema."

"Na wewe Masatu, alikufokea?"

"Alinifokea, ndiyo. Akaniomba radhi palepale, mteja anasikia."

"Hilo la radhi halimo humu," mgeni akasema, na kweli halikuwamo.

Hamduni akamtazama Nassibu. Mpaka dakika ile alikuwa bado anamtumaini. "Mkwe wangu, wewe ndiye mwandishi. Unajua kila moja tuliitengeneza. Mwambie bwana ushirika."

Nassibu akasimama, macho chini. "Mimi niliandika nilichoambiwa niandike, mjomba."

Moyo wa Hamduni ukavunjika. Uenyekiti haukumuuma sana. Cheo ni dhamana, na dhamana hurudishwa. Kilichomchoma ni kwamba makosa yale aliyakiri mwenyewe kwa moyo mweupe, na aliyemlea kama mwanawe ndiye aliyeyapigia mstari mwekundu akayapeleka ofisini. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na huyu alikuwa fundi nguo mzima asimwone chawa wake.

Bwana ushirika akasema mwenyekiti apumzike, wanachama wachague mwingine. Nassibu akajitaja mwenyewe. Watu wakatazamana, kisha wakalitazama lile daftari. Kila mmoja alikumbuka kwamba kasoro zake nazo zimo mle. Mikono ikapanda mmoja mmoja, wa Wankyo mwishoni kabisa, na machozi yanamtoka.

Jumatatu iliyofuata Nassibu akakaa mahali pa mwenyekiti, daftari mapajani. Kaptula za Butiama alikuwa amezikata Jumamosi, peke yake, bila mtu wa pili kupima. Rundo lilikuwa mezani, na hakuna fundi pale ambaye hakuona kwamba hakuacha nafasi ya mshono. Zikishonwa hivyo hazitapita hata mapajani mwa mtoto.

"Haya, kasoro?" akauliza.

Masatu akakohoa. Wankyo akamgeukia Hamduni kwa macho ya kumsihi. Sema wewe, Mzee. Si wewe uliyetufundisha?

Hamduni akaliangalia rundo. Aliwaza watoto mia mbili, na kitambaa ambacho hakiwezi kupatikana tena mwaka ule. Nassibu akafungua kofia ya kalamu, akangoja.

"Hakuna kasoro, Mwenyekiti," Hamduni akasema.

Wakainuka mkekani. Hamduni akachukua fungu lake la kaptula, akaketi kwenye moja ya zile cherehani tatu, akaanza kushona.