Uzi Nilionyimwa

Siku hiyo nilirudi kutoka darasa la Kiitaliano moyo umejaa nyongo. Mwalimu Randu alikuwa amesoma sentensi zangu mbele ya wanafunzi wenzangu, wasichana wa saluni, na zilikuwa kama hivi: mimi Mbeyu, mimi kulea wewe, wewe kulia, mimi kubeba. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. "Mama Kadzo," akaniambia, "unakata maneno kama kuni! Wenzetu wana *che*, wana *cui*, ndiyo 'ambaye' yao. Unganisha, mama." Na mimi nimewafanyia kazi Waitaliano hapa Malindi miaka ishirini na miwili. Mkobani nilikuwa na barua ya Ginevra, mtoto wa tajiri wangu, ambaye sasa ni mtu mzima huko kwao. Amemzika mamake, akakuta picha, anauliza ni nani yule mwanamke aliyembeba. Nilitaka kumjibu kwa mkono wangu mwenyewe. Nikajilaza mkekani, jua bado kali, nikalia kwa hasira mpaka usingizi ukanichukua.

Nikajiona katika mji mweupe ambao nyumba zake hazikuwa na njia ya kufikiana. Langoni alisimama Haya, akaniinamisha kichwa ndipo nipite. Ndani alitawala Bi Amri, akitema maneno kutoka kitini: "Leta! Osha! Funga!" Kila neno lilianguka likawa kitambaa kilichochanwa, na watu wa mji walivaa vipande hivyo, kimoja kifuani, kingine gotini, katikati uchi. Nami nilivaa vyangu. Kando yangu akaja mwanamke amebeba shuka zilizopigwa pasi, jina lake Kumbukumbu. "Mwanangu," akasema taratibu, "mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na ulimi ni vivyo hivyo. Tazama kwanza nani aliulea wako, ndipo uuonee aibu."

Akanipeleka kwa ndugu wawili washonaji. Che alikuwa mwepesi, aliunga vipande vyovyote bila maswali. Cui hakushika sindano mpaka kijineno kama *a* au *di* kimtangulie kumfungulia mlango. Kumbe hata maneno yana vijakazi! "Nipeni uzi," nikasema. Cui akanitazama juu mpaka chini. "Uzi ulikuwepo siku zote, mezani matajiri wako walipokuwa wakila na kuzungumza. Wewe ulisemeshwa mlangoni tu."

Nikamgeukia Kumbukumbu anitetee. "Itafute sentensi moja ndefu uliyowahi kuambiwa wewe," akasema. Nikatafuta miaka yote ile, nikaona haya ya kutafuta. Nikaipata moja. Ginevra ana miaka minne, ana homa, ameng'ang'ania shingo yangu, ananiambia kwa Kiitaliano: "Wewe ndiye ninayemtaka, si Mama." Na mamake amesimama mlangoni. Kesho yake nikahamishiwa kufua, na mwezi haukuisha mtoto akapelekwa kwao. Kumbukumbu akakunja shuka yake.

Niliamka nimekunja ngumi. Sikuwa mjinga, nilinyimwa. Na aliyenipa alichukuliwa. Nikaketi na karatasi. Sikuandika kupika wala kubeba. Niliandika sentensi aliyonifundisha yeye mwenyewe, ambayo ameisahau: mimi ndiye uliyemtaka. Nusu ya pili, ile ya "si Mama", nikaimeza, kwa kuwa mamake yuko kaburini, na mpaka leo inanichoma koo.