Gari la Delphin, Jina la Épiphanie

Épiphanie alikuwa akikata kitambaa cha bibi harusi pale polisi walipompigia simu kumwuliza kwa nini ameliacha gari lake katikati ya barabara. Akajibu kwamba yeye hana gari, ana cherehani. Walipomsomea jina lake lote, mkasi ukamtoka mkononi.

Gari lilikuwa la Delphin, mtoto wa baba yake mdogo. Delphin aliporudi Rwanda, nchi ya wazazi wake, kutoka Bukavu, Kongo, alikozaliwa, alikuja na pesa za kununulia gari lakini hakuwa bado na kitambulisho cha Rwanda. Akafanya walivyofanya binamu zake waliomtangulia: akaazima jina la ndugu. Basi carte jaune, ile kadi inayotaja mwenye gari, ikatoka na jina la Épiphanie, mtu asiyejua hata kufunga mkanda. Kitambulisho cha Delphin kilipopatikana, Épiphanie akamwomba abadilishe jina kwenye kadi. "Kesho, Yaya," Delphin akasema, maana kwao Bukavu dada mkubwa huitwa Yaya, na kesho hiyo akaila kama karanga.

Sasa gari hilo lilikuwa limemgonga Mukankusi, mama aliyeshuka mjini Kamembe na ndizi zake kutoka Gikundamvura. Mguu ulivunjika. Dereva alishuka, akatazama, akatimua mbio. Walioona walikumbuka kofia tu.

Kituoni, afisa hakupandisha sauti. Mwenye gari amlete dereva, alisema, la sivyo mwenye gari ndiye atakayejibu. Épiphanie akampigia Delphin palepale, simu mezani, kila mtu anasikia.

"Ile motokari iko ya Yaya," Delphin alisema. "Mimi sijue kitu."

Akakata.

Damu ilimchemka Épiphanie. Afadhali angeibiwa; mwizi angalau hakuiti Yaya. Na kilichomwuma zaidi hakikuwa kituo cha polisi. Alikwenda hospitali na uji kumjulia hali Mukankusi, na yule mama, aliyekwisha kuambiwa kwamba mwenye gari amefika, akageuza uso akatazama ukuta. Uji ukapoa. Épiphanie alirudi nyumbani akimtukana Delphin njia nzima, kwa sauti, bila kujali anapishana na nani.

Delphin alijificha ng'ambo, Bukavu, mpaka alipodhani mambo yamepoa. Alipotokea mlangoni hakuuliza habari ya mgonjwa wala ya polisi.

"Yaya, twende ukatoe motokari. Banasema itatoka tu kwa mwenye jina."

Angemzaba kofi. Badala yake akavaa viatu, kwa sababu huyu sasa alikuwa anatembea mwenyewe kuelekea kituoni, na hilo hakutaka kuliharibu kwa kofi. Alimwambia asubiri barabarani. Thubutu. Mtu aliyeazima jina la dada yake bila wasiwasi hakuweza kumwachia dada huyohuyo ufunguo. Akamfuata hadi uani, yalikopangwa magari yaliyokamatwa, akajifanya msindikizaji.

"Gari ni lako?" afisa akamwuliza Épiphanie.

"Ni langu." Hakumtazama Delphin. "Na leo hii nauza. Kuko muntu pale mpakani anatafuta. Pesa yote iende kwa Maman Mukankusi, bamutengeneze mguu."

Delphin akacheka kidogo, akidhani ni maneno ya kumridhisha polisi. Kisha akaona Yaya amechukua ufunguo na anauliza wapi atie sahihi.

"Yaya, unasema nini?"

"Nasema nauza motokari yangu."

"Yako ya wapi?" Shingo ilimvimba. Miezi yote ile ya kujificha ikamtoka kichwani, akabaki anaona bati na magurudumu tu. "Iko yangu. Nilitumika kazi kwa ajili yake mpaka mugongo ikaisha. Ile usukani hakuna muntu mwingine anagusaka, hata siku moja. Ni mimi tu."

Fundi aliyekuwa akibadilisha gurudumu pembeni aliacha kazi yake. Afisa akamsogelea Delphin, akamwuliza kwa upole majina yake yote. Delphin akamgeukia Épiphanie kwa macho ya mtoto aliyevunja chungu.

"Yaya," alisema, polepole.

"Andikeni jina yake," Épiphanie akamwambia afisa. "Yangu muifute."