Ukuta wa Mtaa wa Sabuni

Kila Alhamisi saa tisa alasiri, Mwalimu Aloo alikuwa akishuka kwenye bodaboda kando ya uzio wa seng'enge, anakung'uta vumbi la barabara ya Mamboleo kwenye sketi yake, kisha anasimama wima kumngojea Wechuli afungue kufuli. Wechuli alikuwa mlinzi wa kiwanja. Aliagizwa asimruhusu mtu yeyote kupita, lakini kwa maoni yake maagizo hayo hayakuwahusu wazee waliokuja na vigoda vyao wenyewe.

Kiwanja kilikuwa ekari tatu za udongo mweusi kati ya barabara na ziwa. Hapo ndipo ulipokuwa Mtaa wa Sabuni hadi miaka mitano iliyopita, matingatinga yalipoubomoa. Watatu waliokutana hapo walikuwa wamelelewa mtaani humo. Mzee Oyugi, aliyekoroga sabuni kiwandani mpaka kiwanda kikafungwa, alitoka Awasi na mfuko wa njugu. Kokila, ambaye baba yake alikuwa nyapara wa kiwanda hicho, alileta chupa ya chai ya tangawizi. Walikaa, wakanywa, wakakumbushana jinsi mtaa ulivyokuwa.

Mfereji wa maji wa mtaa ulirudi Alhamisi ya pili. Oyugi alisema kwamba ulikuwa ukivuja upande wa kushoto. Mwalimu Aloo akatafakari, akakubali kwamba ni kushoto, na mfereji ukawapo pale pale pa zamani, ukivuja upande wa kushoto. Wechuli alijaza mtungi wake, akasema kwamba maji yana harufu kidogo ya sabuni.

"Yalikuwa hivyo siku zote," Oyugi akamwambia.

Tangu hapo wakaujua utaratibu. Kitu kilichokumbukwa na mmoja hakikuja. Kilichokumbukwa na wawili walioafikiana kilikuja. Uongo nao ulikuja, ila haukudumu. Oyugi alipodai kwamba nyumba ya kwao iliezekwa vigae, naye Kokila akaitikia kwa adabu tu, vigae vilikaa robo saa, vikaporomoka, kimoja kikampiga Oyugi begani.

"Paa lilikuwa la mabati," Mwalimu Aloo alisema.

"Haya, Mwalimu. Ya mabati. Na ilikuwa inavuja."

"Lilikuwa likivuja."

Mabati yakaja, yakiwa na matundu yake yote.

Kufikia Alhamisi ya thelathini, nyumba zote kumi na mbili zilikuwa zimerudi, zimejipanga kwa mstari mmoja. Kasoro yake ni kwamba zililala nyuma, kama watu waliotaka kukaa wakakosa kiti, na kila wiki zililala zaidi. Milango haikufungika. Oyugi alikata miti akaziegemeza, miti ikavunjika.

Wakati wenyewe ulikuwa umebana. Mamlaka ya kuendeleza ufuo ilikuwa imetoa barua kwamba kiwanja kingejengwa hoteli, kwa kuwa "hakijapata kukaliwa na watu". Mwenye pingamizi alipewa hadi Ijumaa, siku ambayo afisa angekuja kukikagua. Mwalimu Aloo alikuwa amesahihisha madaftari kwa miaka thelathini na minane, wala hakukumbuka kuona maneno machache yaliyobeba uongo mwingi kiasi hicho. Kondo lake la nyuma lilizikwa kando ya mlango wa nyumba nambari saba. Mwaka aliozaliwa mvua ilikata barabara, na baba yake hakuweza kulipeleka kijijini kama desturi ilivyotaka. Kwa watu wake, mjini mtu huwa na nyumba tu. Kwao huwa mashambani. Katika ukoo mzima ni yeye peke yake aliyekuwa na kwao mjini, na sasa karatasi ilisema kwamba kwao hakukuwapo.

Mwanawe Dishon alikuwa amemshauri aliache jambo hilo. "Mama, si uende tu shamba kwa baba? Kule ndiko nyumbani."

"Ndiko nyumbani kwa baba yako," alimjibu. "Mimi nina kwetu."

Alhamisi hiyo, siku moja kabla ya ukaguzi, Mwalimu Aloo alizunguka nyuma ya nyumba. Aliona kwamba migongo ya nyumba hizo haikupigwa lipu. Akarudi, akasimama mbele ya wenzake.

"Nyumba hizi ziliegemea kitu."

Oyugi akachungulia ndani ya mfuko wa njugu. Kokila akakaza kifuniko cha chupa ya chai ambacho tayari kilikuwa kimekazwa.

"Mmenyamaza kama watoto waliovunja dirisha. Ziliegemea nini?"

"Mwalimu, wacha tu," Oyugi akasema. "Hayo ni mambo ya kitambo. Tunakunywa chai ya mama wa watu hapa."

"Chai tutakunywa. Nimeuliza swali."

"Ukuta," Kokila akasema. "Ule wa kututenga. Sisi Wahindi huku, nyinyi kule. Nyumba zenu zilijengwa mgongoni mwake."

Mwalimu Aloo aliukumbuka mara moja. Yeye mwenyewe alikuwa ameacha kuutaja kwa Alhamisi thelathini, kwa sababu ya heshima na chai, na hilo lilimuudhi kuliko barua ya mamlaka.

"Urefu wake?"

"Futi nane."

"Na juu yake?"

Kokila alikunja leso yake mara nne. "Juu ni kazi ya baba. Alipanda vipande vya chupa kwa mkono wake. Mimi nilimshikia karai la saruji."

"Chupa za rangi gani?"

"Kijani."

Oyugi alifumbua kiganja cha mkono wake wa kushoto. Kovu lilianzia chini ya kidole gumba, likaishia kwenye kifundo cha mkono.

"Kijani," akasema.

Ukuta ukawapo. Nyumba kumi na mbili zikaketi zikiuegemea, moja baada ya nyingine, na milango ikajifunga. Vipande vya chupa vilimetameta juu yake hadi kwenye kona ya mwisho.

Oyugi alikifumba kiganja.

"Nilikuwa natafuta mpira tu," Oyugi akasema.

"Najua. Nilikuwa dirishani."

"Sasa si ungenirushia?"

"Nilimwogopa baba."

"Na baba akishaenda kazini?"

Kokila aliwaza sana kabla ya kujibu. "Sikutaka," akasema. "Ulikuwa mpira mzuri."

Mpira wa karatasi za nailoni, uliofungwa kwa kamba ya katani, ukaruka ukuta kutoka upande wa pili, ukadunda mara moja. Oyugi aliuokota, akautia katika mfuko wa koti. Kisha akanyoosha kikombe aongezewe chai, na Kokila akamwongezea.

Afisa aliyekuja Ijumaa aliitwa Maximilla. Mwalimu Aloo alikuwa amemfundisha darasa la sita. Alikagua kiwanja kutoka mwisho hadi mwisho akiwa amevaa viatu vya mpira, akabisha kila mlango, akapima ukuta kwa utepe. Alipofika nambari saba alimkuta Mwalimu Aloo ameketi kizingitini.

"Habari yako, Mwalimu."

"Nzuri. Umeziona nyumba?"

"Nimeziona. Ni kumi na mbili."

"Ukuta?"

"Futi nane kamili."

"Mfereji?"

"Nimenawa pale. Unavuja."

"Basi andika."

Maximilla alitazama viatu vyake. "Ripoti ilitiwa sahihi Jumanne, Mwalimu. Mimi nimetumwa kuleta picha za kuambatisha tu."

"Picha za nini?"

"Za kiwanja kitupu."

Alikuwa amepiga kumi na moja. Alizionyesha bila kuficha. Nyumba zilionekana vizuri, na katika picha ya tatu Mzee Oyugi alikuwa akimenya njugu. Katika ripoti, chini ya nafasi ya kila picha, maneno yalikuwa yamekwisha kuandikwa: Kiwanja kitupu.

"Na wakubwa wako wakiziona nyumba?"

"Watasoma maneno, Mwalimu. Hawana muda wa picha."

"Nipe ripoti hiyo."

Aliisoma yote akiwa amesimama. Kisha akatoa kalamu nyekundu mkobani, akaipigia mstari sentensi iliyosema kwamba kiwanja hakijapata kukaliwa na watu, akaweka alama ya kosa kwenye pambizo, akaandika sifuri juu ya kumi. Chini yake akaandika: *Si kweli. Rudia kazi hii.* Akatia sahihi na tarehe.

Maximilla aliipokea kwa mikono miwili, kama alivyozoea darasani. "Nitaipeleka hivi hivi," akasema.

"Ipeleke."

Aliipeleka. Ripoti ilipokelewa alasiri hiyo hiyo pamoja na wino wake mwekundu, ikaidhinishwa.

Tingatinga lilikuja Jumatatu. Kwa kuwa Mwalimu Aloo alikuwa ameketi kizingitini pa nambari saba na hakuwa na nia ya kuondoka, dereva alianzia nyumba ya kwanza, akaenda hadi ya sita, akairuka ya saba, akamaliza zilizobaki, akala chakula cha mchana, akarudi kungoja. Saa kumi polisi wawili walimwinua Mwalimu pamoja na kigoda chake, wakamweka nje ya seng'enge kwa uangalifu. Ukuta ulivunja meno mawili ya mashine kabla ya kuanguka. Jumatano paliwekwa bango lenye picha ya hoteli, na maneno yale yale: kiwanja ambacho hakijapata kukaliwa na watu.

Alhamisi saa tisa, Mwalimu Aloo alishuka kwenye bodaboda. Oyugi na Kokila walikuwa wamekwisha kufika. Kufuli lilikuwa jipya.

"Maagizo yamebadilika," Wechuli alisema. "Sasa yametaja wazee."

"Yanasemaje?"

"Wazee na wageni wasiingie." Alitafuta ufunguo mfukoni. "Wenyeji hayakuwataja."

Akafungua.

Walipanga vigoda juu ya udongo uliosawazishwa. Kokila alimimina chai. Oyugi alikuwa na mpira wake bado mfukoni, akiubinyabinya.

"Tuanze na mfereji?" Kokila akauliza. "Mfereji ni rahisi."

"Leo tunaanza na ukuta," Mwalimu Aloo akasema. "Futi nane. Chupa za kijani. Kokila, shika karai."

Wechuli alisogeza kiti chake hatua mbili nyuma, kuupisha ukuta.