Jedwali la Ukurasa Mmoja

Bosi wa bohari ya vipuri alichukia kubofya "ukurasa unaofuata" kuliko alivyochukia kodi. Kwa hiyo programu ya bohari ilipoboreshwa, alimwita mtaalamu wa kompyuta akamwambia, "Nataka vipuri vyote elfu arobaini viwe ukurasa mmoja. Nishuke kwa kidole tu." Mtaalamu aliona balaa linakuja, lakini akatii. Bosi ni bosi, bwana.

Jedwali la zamani lilikuwa na uvivu wa maana: lilichora mistari inayoonekana kwenye skrini tu, mingine likaiacha ilale. Jipya likaamriwa lichore yote kwa mpigo. Lilipojaribiwa kwa vipuri kumi na viwili lilikimbia, watu wakapiga makofi. Jumatatu likabebeshwa elfu arobaini. Weee! Ukiligusa, kivinjari kinaganda. Ukishuka, weupe mtupu. Kisha kinatokea kisanduku kinakuuliza kama ungependa kusubiri, eti kana kwamba una hiari.

Aliyekiona cha moto ni Mama Rafu, karani wa dirishani kwa miaka kumi na tisa. Kazi yake ni kutafuta kipuri kwenye jedwali, kujua kiko rafu gani, na kukileta. Siku hiyo foleni ya makanika ilifika uani. Bosi akatoka ofisini, akaitazama foleni, kompyuta hata hakuitupia jicho.

"Mama, una mwendo wa kinyonga siku hizi. Hali ikiwa hii mpaka Ijumaa, utaenda getini kuandika namba za magari."

Getini! Mama Rafu aliumia, tena sana. Jioni ile mboga aliitia chumvi mara mbili, na mumewe akala kimya kwa usalama wake mwenyewe.

Kumbe yule mtaalamu alikuwa mtoto wa mdogo wake Mama Rafu. Asubuhi akaja dirishani kichwa chini.

"Shikamoo, Mama Mkubwa. Kosa si lako. Nikirudisha kurasa, ni dakika tano tu. Ila namwogopa Bosi."

"Marahaba. Basi usirudishe mpaka Ijumaa."

"Mama Mkubwa, utafukuzwa hapa!"

"Nimesema Ijumaa."

Akazima kompyuta, akahudumia kwa kichwa. Makanika akitaja kipuri, mama huyo, karudi nacho. Foleni ikaisha. Mizigo mipya ilipoingia aliipanga, ya zamani akaihamisha kupisha nafasi. Kuandika hakuandika. Angeandika wapi?

Ijumaa Bosi akaikuta kompyuta imezimwa. Alikuja juu kama maziwa jikoni. "Tumeleta programu mpya, wewe unaizima! Getini, leo hii!"

"Sawa, Bosi. Ila kaa hapa kwanza unifundishe. Ukinitangulia kwa kipuri kimoja tu, naenda kwa miguu yangu."

Makanika wakashangilia, mmoja akaagiza bomba la breki la lori. Bosi akawasha, akabofya, akangoja. Skrini nyeupe. Mama Rafu akaenda, akarudi na bomba, akalifuta vumbi, akauliza kwa upole, "Bado, Bosi?"

"Mashine gani hii!"

Mtaalamu, aliyekuwa amesimama nyuma ya makanika, akakohoa. "Uliagiza ukurasa mmoja, Bosi."

Makanika walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Bosi, jasho likimtiririka, akafoka, "Rekebisha!" Dakika tano kweli, na jedwali likawa jepesi, likiguswa tu linajibu. Bosi akapata nguvu mpya.

"Turudie! Na ahadi yako ni ile ile."

Hapo Mama Rafu aliingiwa na woga. Ujanja wake ulikuwa umefikia mwisho, na magoti yake hayakuwa ya kushindana na umeme. Makanika akaitisha feni ya injini. Mama hajainuka, Bosi keshapiga kelele, "Rafu ya kumi na nne!" na kutimua mbio.

Alirudi mikono mitupu. "Hakuna kitu kule."

Mama Rafu akakumbuka, na woga wote ukamtoka. "Ah, feni! Nilizihamisha Jumatano."

"Wapi?"

"Kwani jedwali linasemaje?"

Bosi akaitazama tena skrini: kumi na nne. "Umehamisha vitu vingapi wiki hii?"

"Mia tatu na ushei. Jedwali lilikuwa halifunguki, nikaviweka hapa." Akagusa kilemba chake. "Haya, naaga. Geti liko upande gani vile?"

Bosi alizitazama rafu, zimesimama hadi mwisho wa jengo. Akamvutia kiti. "Kaa, mama. Viandike."

"Macho yangu hayaoni vizuri siku hizi. Andika wewe, nikutajie. Polepole tu, tusije tukaruka mstari." Akaketi, akanyoosha miguu. "Ila kabla hatujaanza, dirisha hili ni la nani?"

"Lako, mama," Bosi akanong'ona.

"Sema kwa sauti. Makanika wa nyuma hawajasikia."