Pampu ya Mtu wa Mkono wa Kushoto

Saa nne asubuhi ya Jumamosi, juma moja kabla ya msimu wa bata kufunguliwa, wanaume sita walikuwa wameegemea kaunta ya bunduki katika duka la vifaa vya shamba, na hakuna hata mmoja aliyekuja kununua. Walikuwa wanabishana. Ubishi ulikuwa uleule wa mwaka jana: ipi bora, Remington 870 au Mossberg 500. Kila mmoja wao alikuwa amemiliki bunduki moja tu maisha yake yote, ile aliyoachiwa na baba yake, na kwa msingi huo aliwahukumu wenzake kuwa wajinga.

Imogene Tull alisubiri wampishe. Alikuwa mpima ardhi wa miaka hamsini na mmoja, na shida yake ilikuwa ya kweli. Baba yake, Orval, alifariki mwezi Mei akaacha nafasi katika kibanda cha kuvizia bata, kwenye msitu unaofurika kusini mwa mashamba ya mpunga. Nafasi ni nne. Kwa desturi, mrithi huwinda na wenzake siku ya kwanza ya msimu, kisha wale watatu waliobaki humpigia kura wakati wa kifungua kinywa, na kura mbili zinatosha. Desturi nyingine ni kwamba bunduki inayojijaza yenyewe haiingii humo. Ni pampu tu, ya kuvutwa na kusukumwa kwa mkono kila baada ya risasi. Pampu ya Orval ilikuwa imechukuliwa na kaka yake Imogene, anayeishi Texas na asiyewinda.

Hoyt Cagle, kiongozi wa kibanda, alijitolea kumsindikiza. Hoyt alikuwa na mkwe, Trent, aliyeitaka nafasi hiyohiyo. Imogene alilijua hilo, na Hoyt alijua kwamba analijua, ndiyo maana alikuwa mpole kupita kiasi.

"Bi Imogene, usijisumbue," alisema, akiipokea 870 mikononi mwa muuzaji kabla haijagusa kaunta. "Kibandani sote tunayo hii. Baba yako kaipiga miaka arobaini. Lipa, twende zetu tukanywe kahawa."

"Baba alikuwa wa mkono wa kulia."

"Bunduki haina kulia wala kushoto, dada. Ina mbele na nyuma. Ukishayajua hayo, umefuzu."

Wanaume wa kaunta walicheka. Ulikuwa mzaha wa zamani, na walioucheka zaidi ni wale waliokwisha kuusikia.

Imogene aliiweka 870 kwenye bega la kushoto. Kitufe cha usalama kilikuwa nyuma ya kifyatulio, kimetengenezwa kisukumwe na kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Yeye ilimbidi alegeze mshiko ili akifikie. Tundu la kutolea maganda lilikuwa ubavu wa kulia, yaani mbele ya pua yake. Ilikuwa bunduki nzuri ya mtu mwingine. Mtu anayelegeza mshiko akiwa bega kwa bega na wenzake huitwa hatari, na hilo ndilo neno pekee ambalo Hoyt angelihitaji siku ya kura.

"Nipe hiyo Mossberg."

"Ya walinzi wa benki hiyo!" alisema Hoyt.

Kitufe cha Mossberg kilikuwa juu, chini ya dole gumba, na dole gumba la mkono wowote lilitosha. Maganda, hata hivyo, yalitokea kulia vilevile. Muuzaji, ambaye hadi hapo hakuwa ameulizwa maoni yake, aliona wakati wake umefika. Alitoa bunduki fupi nyeusi yenye tochi.

"Akina mama wengi wanaipenda hii. Mtu akivunja mlango usiku—"

"Bata wenu huingilia mlangoni?"

Muuzaji aliirudisha.

Rafu ya chini ya bunduki zilizotumika ilikuwa na Browning BPS. Kitufe juu. Risasi huingilia chini, na maganda hutokea chini. Imogene aliivuta na kuisukuma mara kadhaa, akasema ni nzito kuliko zote mbili, akasema ataichukua.

"Hiyo?" Hoyt aligeukia watazamaji wake. "Jamani, hiyo inajisaidia chini kama ng'ombe!"

"Afadhali chini kuliko usoni kwangu," alisema Imogene, akatoa kitambulisho.

Siku ya ufunguzi kulikuwa na ukungu mwembamba juu ya maji. Walikaa kwenye benchi moja: Hoyt, kisha wenye nafasi wengine wawili, Wendell Pruett na Lavon Scoggins, na Imogene mwisho. Hoyt alipuliza filimbi ya kuitia bata kwa ufundi mkubwa. Kwa hilo lazima akubaliwe. Kundi lilizunguka mara mbili, likashuka kati ya miti.

"Piga!"

Imogene alipiga mara mbili, bata wawili wakaanguka. Maganda yake yalidondoka kwenye buti zake. Hoyt alipiga mara tano, na hakuna kilichoanguka upande wake.

Kwa ndege wanaohama, sheria inaruhusu risasi tatu tu ndani ya bunduki. Imogene alimtazama Wendell. Wendell aliangalia kikombe chake cha kahawa.

"Dada umebahatisha," alisema Hoyt, akijaza tena. "Na hilo gogo lako litakuchosha kabla ya saa mbili."

Mashua ndogo ilitokea nyuma ya miti. Askari wa wanyamapori, kijana mwenye ndevu haba, alisalimia kila mtu kwa adabu, akaomba bunduki zikiwa tupu. Alijaribu kushindilia risasi katika bomba la kila moja, ambalo halitakiwi kupokea zaidi ya mbili, maana ya tatu hukaa kwenye chemba. Ya Imogene ilipokea mbili ikagoma. Ya Wendell na ya Lavon pia. Ya Hoyt ilipokea mbili, ikapokea ya tatu, ikapokea ya nne.

"Kijiti cha kuzibia bomba kiko wapi, bwana Cagle?"

"Nilikitoa kwa ajili ya bata bukini weupe. Mwisho wa msimu wao mnaruhusu bila kijiti!"

"Ndiyo. Ilikuwa Februari."

"Nilisahau kukirudisha."

"Kusahau nako kuna faini," alisema kijana, akaandika.

Kambini walikula mikate ya moto na mchuzi wa soseji. Hoyt alikula mikate mitatu, kisha akafuta mdomo na kufungua kikao, kwa kuwa alikuwa bado kiongozi.

"Sina ubaya na mtoto wa Orval," alisema. "Ila lazima tutazame usalama. Mtu wa kushoto, bunduki ngeni... Trent ana 870. Trent anazijua sheria."

"Februari ulikuwa na nani?" aliuliza Lavon, mdomo umejaa.

"Na Trent."

"Na yeye alikitoa?"

Hoyt alichukua mkate wa nne.

"Basi nauliza tu," alisema Lavon.

"Wanaomtaka Imogene," alisema Wendell.

Wendell aliinua mkono. Lavon alihamishia uma mkono wa pili, akainua wake. Hoyt alijimiminia kahawa.